Ushanga Ulipoingia Tanuri la Fedha

Kwa karne nyingi sonara alikuwa na njia mbili kuu za kuipa fedha umbo: kuiyeyusha na kuimimina, au kuifua kwa nyundo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Masaki Morikawa, mtaalamu wa metali katika kampuni ya Mitsubishi Materials nchini Japani, aliongeza ya tatu. Alichukua unga laini mno wa fedha, akauchanganya na maji na gundi inayoungua, akapata donge la kufinyangwa kwa vidole kama udongo. Donge likikauka huingizwa tanurini, gundi huungua yote, chembe za fedha hushikamana, na kinachotoka ni fedha tupu. Kampuni nyingine ya Japani, Aida Chemical Industries, ambayo kazi yake ilikuwa kurejesha madini ya thamani kutoka kwenye taka za viwandani, nayo ilitoa udongo wake wa fedha katika miaka hiyo hiyo.

Kuunganisha chembe za metali bila kuziyeyusha zote si jambo geni. Zamani sana, kabla Wahispania hawajakanyaga Amerika, mafundi wa La Tolita katika pwani ya Ekuador waliunga chembe za platinamu kwa dhahabu iliyoyeyuka, maana hawakuwa na moto wa kuiweza platinamu yenyewe.

Shida ya udongo wa kwanza ilikuwa joto. Ulitaka nyuzi 900 za Selsiasi kwa saa mbili, ilhali fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962, na kipande kilisinyaa kwa zaidi ya robo. Weka humo ushanga wa kioo, utautoa umeyeyuka kama nta. Kwa hiyo fundi aliyetaka kuchanganya vitu hivyo viwili alichoma fedha peke yake, akaacha tundu, kisha akatunga ushanga kwa waya baada ya kila kitu kupoa. Kilikuwa kipambo kizuri, lakini fedha na kioo vilikutana nje ya moto tu.

Katikati ya miaka hiyo ya 1990 sonara na mwandishi Tim McCreight alisaidia kuufikisha udongo huo kwa mafundi wa Marekani. Uliwakuta watu walio tayari. Mafundi wa huko walikuwa wamefufua kazi ya kutengeneza shanga moja moja kwenye ndimi za moto wa gesi, na mwaka 1993 walikuwa wameshaanzisha chama chao. Wengi wao walitumia fito za kioo kutoka Murano, karibu na Venice. Eneo hilo la Venice ndilo lililotengeneza shanga nyingi zilizobebwa na misafara kutoka Zanzibar kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Pale Ujiji aina iliyoitwa sofi, inayofanana na vipande vya mrija wa kiko, ilitumika kabisa kama pesa sokoni.

Mambo yalibadilika viwanda vilipobuni udongo unaoiva kwa joto la chini. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ulikuwapo wa kuchomwa kwenye nyuzi 600 hadi 650 kwa muda wa nusu saa hivi, na kusinyaa kwake kulishuka hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi. Hapo ndipo ushanga ulipoweza kuingia tanurini pamoja na fedha na kutoka na umbo lake. Ukiuliza ni badiliko gani lililofanya kazi hii kuwa fani yenyewe, jibu ni hilo la joto, wala si sifa za wabunifu.

Hata hivyo kazi yenyewe haina mzaha. Motoni udongo husinyaa, kioo hakisinyai. Ukiubana ushanga sana, fedha hupasuka pembeni yake. Fundi mzoefu huacha nafasi kidogo. Wakati wa kupoa, fedha hunywea karibu mara mbili ya kioo, ndiyo maana tanuri huzimwa na mlango hubaki umefungwa hadi lipoe lenyewe. Kipande cha fedha tupu unaweza kukitumbukiza majini kikiwa moto. Chenye ushanga kitapasuka papo hapo. Kipande kikitoka tanurini, fedha yake ni nyeupe, imefifia kama chokaa, mpaka isuguliwe kwa brashi ya waya ndipo ing'ae.

Tena fedha huacha doa la manjano kwenye kioo. Mafundi wa madirisha ya makanisa ya Ulaya waliijua tabia hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 14, wakaitumia kupaka nywele za malaika na mataji ya wafalme. Mtengeneza vipambo huiona kama hasara au kama zawadi, kulingana na rangi ya ushanga alioutia.

Lulu, marijani na kahraba havimo katika hesabu hii. Moto huviharibu, hata ule wa nyuzi 600. Ukiona kidani cha udongo wa fedha chenye lulu, hata kama muuzaji atakuapia kwamba vilichomwa pamoja, ujue kijiti cha fedha safi kilichomekwa kwenye udongo kabla ya moto, na lulu ikagandishwa juu yake kwa gundi baadaye.