Jenerali Aliyejivunia Kutoshindwa

Novemba 25, 1918, siku 14 baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kukoma Ulaya, Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, Zambia. Alikuwa na Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na msururu mrefu wa wapagazi, wanawake na watoto. Machi 1919 alipita kwenye Lango la Brandenburg mjini Berlin akishangiliwa kama jenerali asiyeshindwa.

Alizaliwa Saarlouis mwaka 1870. Kabla ya kutua Dar es Salaam Januari 1914 kuongoza jeshi la koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, alikwishapigana China, kisha Namibia katika vita dhidi ya Waherero na Wanama, ambako jicho lake la kushoto liliharibika. Wanaomsifu huipita Namibia mbiombio.

Gavana Heinrich Schnee hakutaka koloni liingie vitani. Kamanda hakumsikiliza. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Yeye alikuwa na kama 1,000, wengine wakiletwa kwa reli kutoka Moshi. Risasi zikatibua mizinga ya nyuki kwenye mashamba, nao wakauma pande zote mbili. Waingereza walirudi melini wakiacha bunduki na risasi ambazo Mjerumani alizitumia kwa muda mrefu.

Baada ya hapo hakutafuta ushindi mkubwa, alitaka tu kuwashughulisha Waingereza huku ili wasiende Ulaya. Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza alipokuja na jeshi kubwa mwaka 1916, Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kidogo kidogo hadi kusini, na Novemba 1917 akavuka Mto Ruvuma kuingia koloni la Wareno, akawavamia Ngomano na kujitwalia silaha zao. Dawa ya malaria ilipoadimika, magome ya mkwinini yalichemshwa. Uchungu wa maji yake uliwafanya askari wayaite pombe ya Lettow.

Lakini jeshi lisilo na ghala hula cha nani? Lilikula cha wanakijiji. Majeshi ya pande zote yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, wengi upande wa Wajerumani bila ujira. Ugogo ukapatwa na njaa iliyoitwa Mtunya, nayo inakadiriwa iliua watu 30,000 hivi. Upande wa Waingereza, wapagazi waliokufa, wengi kwa maradhi na uchovu, walifikia makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps. Sijaona sifa ya ujanja wa vita inayoweza kuvifuta vifo hivyo.

Kwao alijiunga na jaribio la mapinduzi la Kapp mwaka 1920 na akaondolewa jeshini. Alifariki Hamburg Machi 1964, akiwa na umri wa miaka 93. Mwaka huohuo Bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha malipo ya mishahara iliyokuwa ikidaiwa tangu vita. Malipo hayo yalikuwa ya askari.