Nataka Kununua Mashine Iliyokufa, na Sababu ni Mkanda wa Kupamba

Cheka kwanza, halafu soma. Kuna duka la mitumba ya umeme hapa Ukunda lina rekoda ya DVD, ile pana nyeusi yenye midomo miwili: mmoja wa kanda ya VHS, mmoja wa diski. Unatia kanda huku, inanakili kwenye diski kule. Muuzaji anataka elfu saba na nusu. Mimi nina elfu tano, na aibu ya kuulizia bei ya kitu ambacho nusu yenu hamjawahi kukigusa.

Kisa ni mkanda. Mamangu aliolewa Funzi mwaka 1998, na usiku wa kupamba ulirekodiwa. Bibi mzaa mama yumo. Anaimba, anapiga vigelegele, anamfokea mtu aliyeziba kamera. Bibi alifariki kabla sijajua kuuliza maswali, na sauti yake haipo popote pengine, si kwenye simu wala kompyuta ya mtu. Mkanda unakaa kwa shangazi, umefungwa kwenye leso ndani ya sanduku, kwenye kisiwa ambacho hewa ina chumvi mwaka mzima. Deki ya mwisho kwetu ilikufa zamani, sasa paka ndo hulala juu yake.

Mtaniambia: si upeleke mjini, kuna watu wanageuza kanda kuwa faili. Wapo, na ni rahisi kuliko rekoda. Lakini huu ni mkanda wa kupamba. Hebu turudi nyuma kidogo.

Sony walitoa Betamax mwaka 1975, JVC wakafuata na VHS mwaka 1976. Kule Marekani watu walizinunua kurekodi vipindi vya televisheni wavitazame baadaye. Kampuni za filamu zilikasirika hadi kortini, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani akitazame baadaye si kosa. Mashine ya kuiba muda, yaani.

Sasa ilete mashine hiyo pwani yetu. Kenya ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni, ya serikali, mpaka KTN ilipokuja mwaka 1990. Utarekodi nini, taarifa ya habari? Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Tanzania bara hawakuwa na kituo chochote hadi 1994. Kwa hiyo deki huku kwetu ilipata kazi nyingine kabisa. Ilikuwa ya kutazamia filamu za Kihindi, zile kanda zilizonakiliwa mpaka nyuso zikawa kivuli, na ya kutazamia harusi. Nyumba yenye ndugu Arabuni ndiyo iliyokuwa na deki, na nyumba hiyo ilijaa watu.

Kuna mtafiti anaitwa Minou Fuglesang aliyekaa Lamu miaka ya 80 na kuandika kitabu, Veils and Videos, kilichotoka 1994. Kinahusu wasichana wa Lamu na video walizokuwa wakitazama. Nilipokijua nilishangaa kwamba kuna mtu aliona jambo hili ni la kuandikiwa kitabu kizima. Sisi tulidhani ni mambo ya nyumbani tu. Lakini fikiria: sinema ni mahali pa hadhara, msichana wa miaka ile haingii ovyo. Deki inaingia chumbani. Mlango unafungwa, buibui linavuliwa, na wanawake wanatazama wanachotaka bila mtu kuwatazama wao.

Ndiyo maana kupamba kuliporekodiwa, mkanda ulirithi sheria za usiku wenyewe. Bibi harusi ameketi juu, hina mpaka kwenye viwiko, wanawake wamevaa nguo ambazo mtaani huzioni, nywele wazi. Wanaume hawaingii. Basi na mkanda hauingii mikononi mwa wanaume. Shangazi anajua ni nani aliwahi kuuazima, na nani alichelewa kuurudisha, na hajasamehe. Hata leo kwenye harusi nyingi za kwetu simu zinakusanywa mlangoni. Watu wa bara huona ni ushamba. Mimi naona wale kina mama walielewa suala la faragha kabla yetu sisi tunaobonyeza "nakubali" bila kusoma.

Kwa hiyo nikipeleka mjini, kijana fulani asiyejulikana atakaa saa tatu na mamangu akiwa na miaka 20, na majirani wote wa Funzi, kwenye kioo chake. Na nakala ikibaki kwenye mashine yake? Niliuliza sehemu moja kama yupo mwanamke wa kuifanya kazi hiyo. Jamaa alicheka.

Ndo nikaikumbuka rekoda ya DVD. Hii mashine ina historia ya huzuni kidogo. Zilianza kuuzwa Japani karibu na mwaka 2000, ghali mno, na ziliposhuka bei tayari sisi tulikuwa tumeruka. Tulitoka kwenye kanda tukaenda kwenye deki za bei nafuu za kuchezesha diski tu, zile tulizotazamia filamu zenye sauti ya DJ Afro, halafu moja kwa moja kwenye simu. Kisha uhamaji wa dijitali wa mwaka 2015, mnakumbuka NTV, Citizen na KTN zilivyozimika karibu wiki tatu? Mitambo ya analogi ilipofungwa, rekoda ya zamani ikabaki haina cha kunasa. Mwaka 2016 Funai wa Japani, waliokuwa wa mwisho kuunda deki za VHS, nao wakaacha. Kilichopo duniani ndicho kilichopo.

Kanda yenyewe haisubiri. Picha ni vumbi la sumaku lililogandishwa kwa gundi juu ya plastiki. Gundi hunyonya unyevu, ukungu huota, na kila ukiicheza kichwa cha mashine kinaikwaruza. Kwa hiyo huenda nina nafasi moja au mbili tu. Diski nayo si ya milele. Inaingiza GB 4.7, saa moja kwa ubora wa juu au mbili kwa ubora wa kawaida, na usipoifunga rasmi mwisho wa kurekodi, mashine nyingine zitaikataa. Nitalazimika kutafuta kompyuta ya zamani yenye mdomo wa diski ili nipate faili. Kuna pia kile kifaa kidogo cha USB cha kunasia video, cha bei poa, lakini bado kinahitaji deki nzima, na deki ndiyo sina.

Nimemuuliza muuzaji maswali mpaka amechoka. Imetoka Uingereza, kwa hiyo inasoma PAL kama kanda zetu, na inakubali umeme wetu. Ingetoka Japani au Marekani ningeiacha hapo hapo. Rimoti ipo. Kichwa nitakisafisha kwa spiriti kabla ya chochote, na kanda ya kwanza kuingia itakuwa takataka fulani ya filamu. Ikiitafuna hiyo, narudi nyumbani na pesa zangu.

Na hapana, sitaposti. Hata sekunde kumi, hata nikifunika nyuso. Msiulize.

Tumeelewana elfu sita, nimlipe Jumamosi baada ya kujaribu. Nilimwambia shangazi anipe mkanda nije nao. Amekataa. Atavuka mwenyewe hadi Bodo na boti ya asubuhi, mkanda kwenye kikapu chake, na atakaa kando ya mashine mpaka imalize.