Kupakwa na Kujipaka: Uso wa Mwanamke wa Lubumbashi katika Historia

Kitenzi kupaka ni kikongwe kuliko mji wetu, ambao Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Makala haya yanadhamiria kukifuata kitenzi hicho katika maumbo mawili: kupakwa, yaani kauli ya kutendwa, na kujipaka, yenye kiambishi rejeshi -ji-. Dai letu ni kwamba historia ya vipodozi mjini hapa ni historia ya mwanamke aliyehama kutoka umbo la kwanza kwenda la pili, na kwamba wale waliozoea kumpaka, au kumkataza kupakwa, hawajaukubali uhamaji huo hadi leo.

Tuanze kabla ya mji. Miongoni mwa watu wa kusini mwa Katanga na wa ng'ambo ya Luapula, rangi mbili zilitawala mwili wa msichana: nkula, unga mwekundu utokanao na mti wa mukula, uliochanganywa na mafuta, na pemba, udongo mweupe. Audrey Richards aliishuhudia sherehe ya chisungu kwa Wabemba mwaka 1931, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1956 alieleza jinsi wasichana walivyopakwa rangi hizo chini ya uongozi wa nachimbusa. Kwa Waluba, chale za ntapo na ususi wa nywele vilionyesha wazo lililo karibu na hilo, kwamba uzuri hauzaliwi, bali hutengenezwa. Lakini yafaa tuangalie nani alikuwa mtendaji. Msichana hakuchagua siku, wala rangi, wala mkono wa kumpaka. Uso wake ulitangaza hali yake mbele ya watu hata kabla hajafungua kinywa. Wako wanaoutazama wakati huo kama paradiso ya urembo wa asili. Sisi hatuoni sababu ya kufanya hivyo. Ulikuwa urembo wenye maana nzito, na uzito huo ulibebwa na msichana mwenyewe.

(Kuhusu mukula, inasikitisha kwamba katika muongo wa 2010 watu wengi wa Lubumbashi waliufahamu kama shehena ya magogo iendayo China, hata mwaka 2019 ukaingizwa katika orodha ya miti inayolindwa na mkataba wa CITES. Ni wachache waliokumbuka kwamba mti huo ndio uliokuwa sanduku la vipodozi la bibi zao.)

Mji ulileta mtazamaji mpya. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilitegemea kwanza wanaume wa mikataba mifupi. Kuanzia mwaka 1928 hivi ilibadili siasa yake, ikawatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Mke wa kambi alipewa posho kupitia kwa mumewe, mtoto wake akapimwa uzito, naye akafundishwa kushona na kutunza nyumba. Sifa aliyotakiwa kuwa nayo ilikuwa usafi. Nje ya mpango huo alikuwapo "mwanamke huru", jina la kiutawala lililotafsiriwa kutoka Kifaransa, ambalo katika miji ya Kongo ya Kibelgiji liliambatana na kuandikishwa na kutozwa kodi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo poda na rangi ya midomo zilipopata sifa mbaya ambayo nkula haikuwa nayo kamwe. Mwanamke aliyejipaka alihesabiwa kuwa amejitangaza kwamba hana wa kumpaka: hana shangazi, hana kampuni, hana mume.

Hofu hiyo ilipata sura yake katika uchoraji. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi zilitundika sebuleni picha ya mamba muntu, nguva mwenye ngozi nyeupe na nywele ndefu, na mara nyingi saa mkononi. Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo chetu wakati huo, alizichunguza picha hizo kwa makini. Inasemekana mwanamume apataye unywele wake hutajirika, mradi atunze siri. Nikiitazama picha hiyo kama mwanamke, naona ni picha ya mke asiye na jamaa, aliyejipamba mwenyewe, na ambaye mwenye nyumba anamtamani na kumwogopa kwa kiasi kilekile.

Siasa ya uhalisi wa Zaire, iliyoshika kasi baada ya nchi kubadilishwa jina tarehe 27 Oktoba 1971, haihitaji maelezo marefu. Suruali, sketi fupi na nywele za bandia zilipigwa marufuku kwa wanawake, kitenge kikawa vazi la uzalendo. Serikali iliuchukua mkono wa nachimbusa bila kuwa na elimu yake. Amri hizo zilififia baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990.

Makanisa ya uamsho ndiyo yaliyoshika zamu iliyofuata, na hasa wafuasi wa William Branham, ambao kwao rangi ya midomo ni alama ya Yezebeli. Mimi hutia wanja na rangi hafifu ya midomo kabla ya kuingia darasani, na nimewahi kuulizwa na ndugu mmoja katika imani, kwa upole wote, ninamtafuta nani. Sikumjibu siku ile. Jibu la mwanaisimu lipo katika maandiko yenyewe. Katika Wafalme wa Pili, sura ya 9, Yezebeli anatia wanja huku akijua kwamba Yehu anakuja kumwua. Kumtongoza mwuaji halikuwa jambo la kutarajiwa, na huenda alitaka tu kufa akiwa malkia. Tena Ayubu, mtu mwadilifu, baada ya kurudishiwa mali yake alimwita binti yake wa tatu Keren-hapuki, jina ambalo kwa Kiebrania maana yake ni pembe ya wanja. Sijapata kusikia mahubiri juu ya jina hilo.

Hata hivyo, si mahubiri wala amri iliyobadilisha mambo kwa kweli, bali mshahara. Gécamines ilipodidimia katika miaka ya 1990, na hasa pale wafanyakazi 10,655 walipoondolewa mwaka 2003 kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wake waliozoea posho walikuwa tayari wamejifunza kuuza: unga, mkaa, vitenge, bidhaa za Kasumbalesa. Profesa Dibwe dia Mwembu ameonyesha jinsi mamlaka ya baba yalivyopungua katika familia hizo. Tunaongeza jambo dogo tu: kijikopo cha poda kikawa kitu ambacho mwanamke hununua kwa faida yake mwenyewe, bila kuomba. Hapo kiambishi -ji- kilipata maana kamili.

Lakini soko lilelile la Kenya linauza pia mafuta ya kuchubua ngozi, yenye haidrokwinoni au zebaki. Lingala huyaita matumizi hayo kopakola, ambacho ni kitenzi chetu kilekile. Hapa sarufi inatutatiza. Anayejichubua ametumia fedha yake na mkono wake, ila rangi anayoitafuta ilichaguliwa na wengine zamani, na mamba muntu ni shahidi. Ngozi iliyoharibika haitofautishi kutenda na kutendwa.

Na siku ya harusi bibi arusi wa Katuba au Kamalondo hupelekwa saluni. Anaketi, anafumba macho, mwanamke mwingine anampaka, shangazi zake wamesimama nyuma ya kiti wakiagiza nyusi zipunguzwe, midomo iongezwe. Akiinuka husema amepakwa vizuri. Kisha, mara nyingi, hufungua mkoba na kulipa mwenyewe.