Klipu, Kibano au Kishikizo: Jina la Kinachoshika Bati

Siku hizi baadhi ya maghala, viwanda na kumbi za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala huezekwa kwa bati ambalo halitobolewi. Kingo zake hukunjwa zikasimama wima, ukingo wa bati moja ukaingia ndani ya ukingo wa jirani yake, na mshono ukabaki juu, mbali na maji. Chini ya mshono huo kuna kipande kidogo cha chuma kilichofungwa kwa skrubu kwenye papi, ambacho mwenye jengo hatakiona tena. Mafundi hukiita klipu. Kwenye simu neno hilohilo ni kipande cha video, ila hilo halimsumbui mtu, kwa kuwa hakuna atakayeenda kufunga video kwenye papi. Kinachosumbua ni kwamba klipu imekuwa jina moja la vitu viwili ambavyo kazi zake zinapingana.

Tuanze na bati la kawaida. Bati la migongo la futi 10 hupigiliwa msumari wenye kofia juu ya mgongo, si bondeni yanakopita maji. Jua likiwaka bati hutanuka, mvua ya ghafla ikilipiga husinyaa. Kwa urefu huo wa mita 3, chuma kikipoa nyuzi 40 hupungua milimita moja na nusu tu, na tundu la msumari pamoja na mpira wake huvumilia. Ndiyo maana nyumba zetu nyingi hazina haja ya klipu, na anayemshawishi mwenye chumba na sebule azinunue anamlia pesa zake.

Godauni ni habari nyingine. Bati lake hukatwa kipande kimoja kutoka kofia ya paa hadi gata, mita 20 au zaidi. Kwa tofauti ileile ya joto, bati la chuma la mita 20 husogea karibu milimita 10. La alumini, ambayo hutanuka takriban mara mbili ya chuma, husogea karibu milimita 19. Ukilifunga bati hilo lisisogee kabisa huku na huku, litavimba katikati, litalia kila wingu linapopita mbele ya jua, na tundu la skrubu litazidi kupanuka hadi livuje.

Hapo ndipo aina mbili za klipu zinapoachana. Ya kwanza ni ukanda mmoja wa chuma uliokunjwa: mguu wake umefungwa kwenye papi, kichwa chake kimeng'ata ukingo wa bati. Ya pili ina vipande viwili, yaani kitako kilichofungwa kwenye papi, na ulimi unaoshika bati huku ukisafiri ndani ya kitako. Fundi anapoifunga hii ya pili lazima aangalie ulimi uko wapi. Ukiwa katikati, una nafasi ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Ukiachwa mwisho wa njia, bati likitanuka kuelekea upande huo litagota, na klipu ya gharama itakuwa imefanya kazi ya msumari.

Sasa jina. Anayeanza na kamusi atafika haraka kwenye kibano au kibanio, na mkononi neno litaonekana limekaa vizuri. Lakini kibanio cha nguo hushika kwa kubana, na kadiri kinavyobana ndivyo kinavyosifiwa. Klipu ya paa, hasa ile yenye ulimi, kazi yake ni kuzuia bati lisinyanyuke huku ikiliacha litembee kwa urefu wake. Fundi aliyeambiwa anafunga vibano atakaza. Isitoshe, kibano kina mwenyewe paani: ni kile kifaa kinachobana mshono kwa skrubu za pembeni ili kubeba fremu za paneli za sola bila kutoboa bati. Hicho hubana kwelikweli. Tukikinyang'anya jina, tutakiitaje?

Mimi nachagua kishikizo. Kushikiza ni kukiweka kitu mahali pake bila kukikaba. Watanzania wanaijua shule shikizi, iliyoegemezwa kwenye shule mama. Kutoka hapo kile cha kipande kimoja tukiite kishikizo tuli, kama tunavyosema umeme tuli, na kile chenye ulimi tukiite kishikizo telezi. Bati refu hufungwa lisisogee sehemu moja tu ya urefu wake, kwa mfano huko juu kwenye kofia. Kwingine kote ni telezi. Ndiyo maana mtu wa dishi anayekuja baadaye na drili yake, akapitisha skrubu kwenye bati hadi kwenye papi, anaharibu zaidi ya anavyodhani: maji yatapata tundu, na bati limepata kifungo cha pili.

Ukutani mambo ni mepesi. Mabati ya ukuta huwa mafupi, na mara nyingi kishikizo tuli kinatosha, au hata ukingo wa bati wenye matundu marefu unaofungwa kwa skrubu na kufichwa na bati linalofuata. Cha kuchunga ni upepo. Kwenye pembe za jengo, kama ilivyo kwenye kingo za paa, upepo hufyonza bati kwa nguvu zaidi kuliko katikati, kwa hiyo vishikizo hapo husogezwa karibu karibu. Na nguvu ya kuhimili upepo si ya kishikizo peke yake. Kipimo cha Marekani cha ASTM E1592 hujaribu bati likiwa limefungwa na vishikizo vyake kwa msukumo wa hewa, maana kishikizo cha kiwanda kimoja kwenye bati la kiwanda kingine hakina dhamana yoyote, hata kama kimeingia bila kulazimishwa.

Urefu wa kishikizo hufuata unene wa pamba ya kuzuia joto iliyolazwa juu ya papi. Kikiwa kifupi, bati huvimba juu ya pamba. Kuhusu metali, Tanga, Mombasa na Unguja chumvi ya hewani haina huruma. Bati la alumini lishikwe na kishikizo cha alumini au cha chuma kisichoshika kutu, na shaba isikaribie alumini wala chuma kilichopakwa zinki. Hata mbao za dawa ziangaliwe: dawa nyingi zina shaba, na ubao mbichi wa dawa ukigusa mpako wa zinki huula.

Kwa hiyo unapoandika agizo, taja bati na kiwanda chake, unene wa pamba, vishikizo tuli vingapi na vishikizo telezi vingapi. Hati ya malipo iliyoandikwa "klipu, boksi 5" irudishe dukani kabla fundi hajapanda juu.