Jinsi kambi za wanamaji zinavyodhibiti uchafu, na funzo lake kwa Tana River

MFUGAJI wa Bangale, katika Kaunti ya Tana River, aghalabu hana habari na manowari. Bahari iko mbali naye, na maji anayoyahangaikia kila siku ni yale ya silanga na kisima. Hata hivyo, uchafu unaozisumbua kambi za wanamaji kote duniani hautofautiani sana na ule unaoweza kukiharibu kisima chake. Ni dizeli, oili chafu ya injini, rangi na kemikali zinazopenya ardhini polepole hadi zikayafikia maji.

Tofauti iko katika kiasi. Kambi ya wanamaji hukusanya mahali pamoja matangi ya mafuta, karakana, maghala ya rangi na meli zinazohitaji kukarabatiwa mwaka mzima. Kwa sababu hiyo, kambi hizo zimekuwa uwanja wa kujaribia mbinu nyingi za kuzuia na kuondoa uchafu. Aidha, ndiko kulikothibitika wazi kwamba kuzuia ni kazi ya siku chache, ilhali kusafisha ni kazi ya miaka mingi.

KAMBI ZA KENYA

Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa rasmi Desemba 12, 1964. Makao yake makuu yako Mtongwe, eneo la Likoni, Mombasa. Kambi nyingine iko Manda katika Kaunti ya Lamu, kaskazini mwa delta ya Mto Tana.

Lakini historia ya manowari katika maji hayo ni ya kale zaidi. Mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Uingereza ilihamishia Kilindini kikosi chake cha meli za kivita baada ya Japani kushambulia Colombo. Baadaye Mombasa ikawa makao ya Jeshi la Wanamaji la Afrika Mashariki, ambalo lilivunjwa mwaka 1962.

Kwa hivyo, hori za Mombasa zimehudumia manowari, meli za mizigo na meli za mafuta kwa zaidi ya miaka 80. Ajali mbili zinazokumbukwa zaidi katika hori hizo hazikutokana na jeshi. Mwaka 1988, tani zipatazo 5,000 za mafuta zilivuja kutoka ghala la nchi kavu na kuingia katika Hori ya Makupa, ambako ziliangamiza takriban hekta 10 za mikoko. Mnamo Aprili 2005, meli ya mafuta ya Ratna Shalini ilitoboka bandarini na mafuta yake yakaenea hadi kwenye mikoko ya Port Reitz.

Ajali hizo zinahusika na mada hii kwa kuwa kambi na bandari hutumia maji yale yale. Chochote kinachomwagika upande mmoja huchukuliwa na maji kujaa na maji kupwa hadi upande wa pili.

UCHAFU UNAKOTOKA

Chanzo cha kwanza ni ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo. Huko ndiko hukusanyika maji yanayovuja, mafuta ya injini na sabuni ya kuoshea vyombo vya mitambo. Mabaharia wa majahazi walikuwa wakiyafuta maji ya ngama kwa ndoo na kuyamwaga baharini bila madhara makubwa, kwa kuwa hayakuwa na mafuta ya petroli. Meli ya injini ikifanya vivyo hivyo huacha utando mweusi nyuma yake.

Chanzo cha pili ni rangi. Wazee wa pwani walipaka vyombo vyao deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ili kuwazuia wadudu na viumbe wengine wa baharini wasishike ubaoni. Meli za chuma zilihitaji kinga kali zaidi, na kuanzia miaka ya 1960 zilianza kupakwa rangi yenye sumu ya tributiltini. Sumu hiyo ilifanya kazi vizuri mno. Katika ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa, chaza waliofugwa walianza kuwa na magamba yaliyoharibika na kushindwa kuzaana. Ufaransa ikapiga marufuku rangi hiyo kwa mashua ndogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutekelezwa mwaka 2008.

Vyanzo vingine ni matangi ya mafuta na mabomba yaliyofukiwa, majitaka ya askari, betri kuukuu, na povu la kuzimia moto wa mafuta. Povu hilo kwa miaka mingi limetengenezwa kwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo haziozi na hukaa katika maji ya ardhini kwa muda mrefu mno.

KUZUIA KABLA YA KUMWAGIKA

Kifaa muhimu zaidi ndani ya meli ni kitenganishi cha mafuta na maji. Maji ya ngama hupitishwa polepole katikati ya mabamba yaliyopangwa karibu karibu. Matone ya mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda juu, huungana na kukokotwa hadi kwenye tangi lake. Maji yaliyobaki huchujwa na kupimwa. Iwapo mafuta yanazidi sehemu 15 kwa kila sehemu milioni moja ya maji, vali hujifunga na maji hayo hurudishwa kusafishwa upya.

Kitenganishi hicho kina adui mmoja, nayo ni sabuni. Sabuni huyavunjavunja mafuta na kuyachanganya na maji hata yasiweze kupanda juu. Ndiyo maana mabaharia huamriwa kutomwaga sabuni ya kawaida katika ngama, na kambi nyingi huyapokea maji hayo gatini ili yasafishwe kwa mitambo mikubwa ya nchi kavu.

Wakati wa kujaza mafuta, kambi zenye utaratibu mzuri huizungushia meli kizuizi kinachoelea kabla bomba halijafunguliwa. Matangi ya nchi kavu nayo hujengewa ukuta wa kuyazunguka, wenye uwezo wa kubeba mafuta yote ya tangi kubwa zaidi na ziada kidogo. Matangi yanayofukiwa hutengenezwa kwa kuta mbili, na katikati yake huwekwa kipima-mvujo.

Katika chelezo, mahali meli inapopandishwa kukarabatiwa, kazi ya kuikwangua rangi ya zamani hufanywa ndani ya pazia, au kwa maji ya shinikizo kubwa yanayochujwa na kutumiwa tena. Sakafu hufagiliwa kabla ya mvua kunyesha au maji kujaa. Mambo haya yana uzito kwa Kenya, kwani mwaka 2021 chelezo kipya kilifunguliwa Mtongwe kwa ajili ya kukarabati meli za kijeshi na za kiraia.

MAFUTA YAKISHAINGIA BAHARINI

Saa za kwanza ndizo zinazoamua. Vizuizi vinavyoelea hutandazwa ili mafuta yasitawanyike, kisha mashine huyakokota kutoka juu ya maji. Yanayobaki hunyonywa kwa mikeka maalumu.

Zipo pia dawa za kuyavunja mafuta yazame na kutawanyika. Dawa hizo hufaa katika bahari kuu, lakini si katika hori zenye maji machache, kwa kuwa huyapeleka mafuta hayo kwa samaki, kamba na mazalio yao.

Mikoko huhitaji uangalifu wa pekee. Mchu na mlilana hupumua kwa mizizi inayochomoza matopeni, na mafuta yakiifunika mizizi hiyo mti hukosa hewa na kufa. Watu wengi wakiingia matopeni kwa buti na sepetu, huyakanyagia mafuta chini zaidi, ambako hudumu kwa miaka mingi. Mara nyingi njia bora ni kuyasukuma mafuta kwa maji ya shinikizo dogo hadi palipo na kizuizi, kuiachia bahari kazi iliyosalia, na kupanda miche upya baada ya sumu kupungua.

YALIYOZAMA ARDHINI

Hapa ndipo gharama huongezeka. Hatua ya kwanza ni kuchimba visima vya kupimia ili kujua uchafu umefika wapi na unaelekea upande gani. Kisha huchaguliwa mbinu moja au zaidi.

Njia iliyozoeleka ni kuyavuta maji kwa pampu, kuyapitisha katika makaa maalumu yanayonasa kemikali, na kuyarudisha yakiwa safi. Palipo na petroli au mafuta mepesi, hewa huvutwa kutoka ardhini pamoja na mvuke wake. Penye dizeli, hewa na mbolea huongezwa ili bakteria waliomo udongoni waongezeke na kuyala mafuta. Mwaka 1996, katika uwanja wa ndege wa Moffett huko California, jeshi la wanamaji la Marekani lilijaribu kufukia ukuta wa chembechembe za chuma kwenye njia ya maji ya ardhini. Maji hupita katikati ya ukuta huo, nayo chuma huzivunja kemikali za kuyeyushia grisi bila pampu yoyote.

Pamoja na utaalamu huo wote, kisa cha Red Hill huko Hawaii ni onyo. Matangi 20 ya mafuta ya jeshi la wanamaji la Marekani yalijengwa ndani ya mlima miaka ya 1940, takriban mita 30 tu juu ya maji ya ardhini yanayotegemewa na wakazi wa kisiwa cha Oahu. Mnamo Novemba 2021, mafuta ya ndege yalivuja na kuingia katika mfumo wa maji uliokuwa ukihudumia watu wapatao 93,000. Familia zililalamika kwamba maji yananuka mafuta, na maelfu ya watu wakahamishwa kwa muda. Machi 2022, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliagiza matangi hayo yafungwe. Wenyeji walikuwa wametoa tahadhari tangu mvujo mwingine wa mwaka 2014.

Kisa cha pili ni Subic Bay nchini Ufilipino. Marekani iliihama kambi hiyo Novemba 1992, huku wakaguzi wa serikali yake yenyewe wakiwa wameripoti uchafuzi wa ardhi na maji. Mkataba wa nchi hizo mbili haukumlazimu anayeondoka kusafisha, na mzigo ukabaki kwa wenyeji.

SHERIA NA MANOWARI

Mkataba mkuu wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, MARPOL, hauzibani manowari. Mkataba huo unazitaka tu serikali zihakikishe kwamba meli zake za kivita zinafuata masharti hayo kadiri inavyowezekana. Kwa maneno mengine, usafi wa manowari hutegemea sana amri za jeshi lenyewe na macho ya raia.

Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoweka msingi wa kazi ya NEMA. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa, bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia.

YANAYOIHUSU TANA RIVER

Wakati wa kusi, mkondo wa bahari hutiririka kuelekea kaskazini, na mafuta yanayomwagika Mombasa yanaweza kusukumwa kuelekea Ghuba ya Ungwana na Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini. Wakati wa kaskazi, mkondo wa kutoka Somalia huteremka kusini, na hatari huweza kutoka upande wa Lamu. Delta ya Tana, iliyotambuliwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, iko katikati ya pande hizo mbili. Wavuvi wa kamba wa Kipini wana haki ya kujua ni vizuizi vingapi vilivyowekwa tayari, viko wapi, na nani atakayevitandaza.

Bangale nayo inaikabili hatari kutoka nchi kavu. Malori yanayopita katika barabara kuu hubadilishwa oili kandokando, na si ajabu kuona oili chafu ikimwagwa mchangani au kupakwa nguzo za ua kuzuia mchwa. Mvua inyeshapo, laga hujaa na kuzoa kila kilichomwagwa. Maji hayo hujaza silanga ambazo watu na mifugo hunywa, na yanayosalia huelekea Mto Tana.

Mbinu za kambi zinaweza kufuatwa huko kwa gharama ndogo. Magari yatengenezwe juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, mbali na laga. Oili chafu ikusanywe katika mapipa yenye vifuniko na kukabidhiwa wenye leseni ya kuichukua. Maji ya kuoshea magari yapitishwe katika shimo la saruji lenye vyumba viwili au vitatu, ambamo mafuta huelea na kuchotwa kabla maji hayajatoka. Tangi la dizeli lizungushiwe ukuta. Kisima kichimbwe mbali na karakana, na maji yake yapimwe kabla ya kunywewa.

Jeshi lenye pampu, makaa na wahandisi limehitaji miaka kadhaa kuyaondoa mafuta yaliyovuja Red Hill. Kisima cha Bangale kikiingia dizeli hakuna mtambo utakaokuja kukisafisha haraka, na mfugaji hatakuwa na la kufanya ila kuhama. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta.