Mkoba wa Mwanamke: Maana na Aina Zake

Mwanafunzi akiulizwa mkoba ni nini, hujibu upesi kuwa ni begi la mama. Jibu hilo si kosa, ila limepungukiwa. Begi ni neno lililotoka katika Kiingereza, nalo hutumika kwa mifuko ya kila namna, ya shule na ya safari. Mkoba ni mfuko mdogo wa ngozi au wa ukili, nao tangu kale ulijulikana sana kwa mganga, aliyetia humo dawa na vifaa vyake. Hata leo, anayeshika kazi ya mwenzake husemwa amerithi mikoba yake. Katika msemo huo mkoba umekuwa ndiyo madaraka yenyewe.

Kabla ya mikoba ya madukani, wanawake wa pwani hawakukosa mahali pa kuwekea vyao. Fedha zilifungwa katika pindo la kanga au zilitiwa kibindoni, yaani katika mkunjo wa nguo kiunoni. Palikuwa pia na mkwiji, mfuko mwembamba wa fedha uliofungwa kiunoni. Vitu vya sokoni vilichukuliwa katika kikapu cha ukili au katika pakacha la makuti.

Huko Ulaya, katika karne ya 18, wanawake walifunga mifuko kiunoni, ndani ya magauni yao mapana. Mwishoni mwa karne hiyo yalikuja mavazi mepesi yaliyoshika mwili, na mifuko ya ndani ikakosa nafasi. Ndipo kikazuka kifuko cha kushikwa mkononi, kilichoitwa retikuli, jina la asili ya Kilatini lenye maana ya wavu mdogo. Wenye dhihaka wakaligeuza jina hilo likawa neno lenye maana ya kichekesho. Baadaye safari za reli zilileta mikoba ya ngozi iliyo imara zaidi. Mwaka 1955 Coco Chanel alitoa mkoba wenye mnyororo wa begani, mikono ya mwanamke ikapata kuwa huru.

Lakini kuwa na mkoba si sawa na kumiliki kilichomo. Millicent Fawcett, mtetezi wa haki za wanawake wa Uingereza aliyeolewa mwaka 1867, aliibiwa pochi yake katika stesheni ya Waterloo. Mwizi aliposhitakiwa, hati ya mashitaka ilisema kuwa pochi ile ni mali ya mumewe, Henry Fawcett. Ilibidi ingojewe sheria ya mwaka 1882 ndipo mke wa Uingereza apate haki kamili ya kumiliki mali yake. Kinyume cha hayo, sheria ya Kiislamu, iliyofuatwa pwani yetu, ilikwisha kumtambua mke kuwa ndiye mwenye mali yake, mahari ikiwamo. Kwa hiyo sarafu iliyofungwa katika pindo la kanga ilikuwa yake kweli.

Bara nako kuna mapokeo yake. Kiondo cha Wakikuyu na Wakamba kilisukwa kwa nyuzi za maganda ya miti, na baadaye kwa katani, zao lililoletwa Tanganyika mwaka 1893. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilitiwa kanda za ngozi, kikauzwa Ulaya na Marekani kama mkoba wa mitindo. Nchini Rwanda, agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, hutolewa arusini, na kikapu kimewekwa katika nembo ya taifa iliyopitishwa mwaka 2001.

Walimu wenzangu, tusiyaache maneno haya yote yamezwe na neno begi. Tuwafunze wanafunzi kupambanua mkoba, pochi, kikapu, kiondo, mkwiji na kibindo: umbo la kila kimoja, kilitengenezwa kwa nini na huchukuliwaje. Kisha tuwaulize swali alilolazimika kulikabili Bibi Fawcett: kilichomo ni mali ya nani? Kwa njia hiyo, somo la msamiati litakuwa pia somo la historia na la haki.