Hauteville House: Nyumba ya Victor Hugo Uhamishoni

Kutoka bandari ya Saint Peter Port, kisiwani Guernsey, watalii hupanda kilima hadi nyumba hii. Victor Hugo, aliyeikimbia Ufaransa kwa kupinga mapinduzi ya Louis-Napoléon Bonaparte ya 1851, aliinunua mwaka 1856 kwa mapato ya mashairi yake.

Aliipamba mwenyewe. Mbao za makasha ya kale zikawa mapambo ya kuta na samani. Chumba cha kulia kikavikwa vigae vya Delft.

Juu kabisa ni chumba cha vioo. Humo Hugo aliandika akiwa amesimama, bahari ikiwa mbele yake. Anga ikitakata, pwani ya Ufaransa huonekana. Riwaya yake ya mabaharia, *Les Travailleurs de la mer* (1866), aliitabaruku kwa Guernsey.

Wazao wake waliikabidhi nyumba kwa Jiji la Paris mwaka 1927.